Siri Inayosoma Darasa la Tano: Mwongozo kwa Dada Mwenye "Mdogo Wangu wa Mwisho"

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya dada mmoja tu, ila dada huyo wapo wengi. Ana miaka 27 hivi, ana kazi mjini, ana mume anayempenda, na huko kwao Muheza ana mdogo wake wa mwisho anayesoma darasa la tano. Mdogo huyo mama yao alimpata akiwa na miaka 51, baada ya kupumzika kuzaa kwa miaka 16. Majirani walistaajabu wiki moja, kisha wakaacha, kwa sababu majirani wana macho.

Kama unasoma haya huku umebana midomo, karibu. Kama mumeo amekaa pembeni yako, fungua kwanza ukurasa wa mapishi.

Kumbuka ilivyoanza

Ukikaa na siri miaka mingi unaanza kudhani uliitunga mwenyewe. Hapana. Iliundwa sebuleni kwenu, watu wazima wameketi kwenye makochi yenye vitambaa, wewe uko chumba cha nyuma umelala chali unahesabu mabati. Ulikuwa kidato cha tatu. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja makosa ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Wasichana walipimwa mkojo, wavulana hawakupimwa kitu. Mwaka 2017 Rais John Magufuli akalisema hadharani, kwamba mwanafunzi akishazaa ndiyo basi, harudi shule ya serikali. Mlango ukaja kufunguliwa Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba waliozaa wanaweza kurudi darasani. Wewe siku hiyo ulikuwa umeshapitia dirishani zamani.

Maana familia ilipiga hesabu ya haraka. Mtoto abaki kwa bibi na amwite mama. Binti aende kwa shangazi mkoa mwingine, asome, afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na akirudi likizo arudi akiwa dada. Kunyamaza kulikuwa sehemu ya ada, nawe uliilipa yote bila kuchelewa hata muhula mmoja.

Aliyekupa mimba naye hakusahaulika. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamhesabu mtu mzima aliyelala na binti wa miaka 16 kuwa ni mbakaji, binti awe alikubali au hakukubali, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Yeye alipewa kikao. Akatozwa mbuzi wawili na maneno makali, yakaisha kifamilia, na leo ni mwenyekiti wa kamati fulani ya maendeleo.

Hapa kejeli ikae pembeni kidogo. Unazo siri mbili, umezifunga kwenye pindo moja la kanga. Ya kwanza ni mtoto. Ya pili ni namna mtoto alivyopatikana: nani, wapi, na kama ulipiga kelele. Ya kwanza ina watu wengine ndani yake, na mumeo ni mmoja wao, kwani kila Januari anachangia madaftari ya shemeji yake bila kujua anamchangia nani. Ya pili ni yako. Unaweza kumwambia leo, au baada ya miaka kumi, au usimwambie kamwe, na utakuwa hujamdanganya mtu. Wengi hushindwa kuitoa ya kwanza kwa sababu wanadhani fundo likifunguliwa lazima zianguke zote mbili.

Hesabu wanaojua

Chukua karatasi, uandike majina ya wote wanaoijua siri yako. Mama. Baba, Mungu amrehemu. Mama wadogo wote wawili. Nesi wa zahanati, na mume wa nesi. Mkuu wa shule, mwalimu wa nidhamu, na darasa zima la kidato cha tatu, ambalo siku hizi lina kundi la WhatsApp na hukutakia heri ya kuzaliwa kila mwaka. Mjumbe wa nyumba kumi. Mwenye duka aliyekuuzia ndimu mwezi mzima bila kukuuliza za nini.

Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wahenga. Yako inajulikana kata nzima, na tarafa imeshasikia.

Sasa mfikirie mshenga. Kabla ya posa, wakwe walituma watu kuulizia habari zako, kama inavyotakiwa, na shangazi yako akajibu kwamba binti yetu ni mtulivu sana. Hakusema uongo. Lakini mshenga aliyelala Muheza usiku mmoja na kunywa chai kwa jirani hawezi kuwa alirudi na neno "mtulivu" peke yake. Upo uwezekano mkubwa kwamba mama mkwe anajua, na amejua tangu kabla ya mahari. Lile jicho analokutupia ukimpokea mtoto mchanga wa watu, ukamweka begani, ukamcheulisha kwa mkono mmoja huku unaongea na simu, lile si jicho la chuki. Anashangaa umejifunzia wapi.

Kwa hiyo unachokificha ni habari iliyowafikia wote ila mmoja. Kama atajua au hatajua, hilo limeshatoka mikononi mwako. Bado hujapoteza nafasi ya kuwa wa kwanza kufika kwake.

Sheria inasemaje

Imekaa kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kusudio la kuoana lijulishwe si chini ya siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze, na makanisani husomwa matangazo Jumapili tatu. Mtoto si pingamizi. Katika mambo yanayompa mume nafasi ya kuomba ndoa ibatilishwe imo mimba ya mwanaume mwingine ambayo mke aliolewa nayo. Mtoto aliyekwisha kuzaliwa, anayejua kufunga kamba za viatu vyake, hayumo. Hakimu hatakusaidia kuamua.

Subiri wakati mwafaka

Hapa ndipo wenzako wengi walipopiga kambi. Mkiwa wachumba ni mapema mno, atakimbia. Akishatoa mahari umechelewa, fedha imeshaliwa na wajomba. Kamati ya harusi ikianza vikao haiwezekani tena, watu wameshaahidi michango na ukumbi umeshalipiwa kianzio. Fungate si mahali pake. Baada ya fungate una mimba, na mjamzito hatakiwi kujisumbua. Halafu kuna kichanga, halafu mume amehamishwa kazi, halafu mama mkwe kalazwa. Ramadhani ina mambo yake. Krismasi mnakwenda nyumbani, kwa hiyo hapana kabisa. Januari haifai kwa jambo lolote katika nchi hii. Februari ingefaa, ila tarehe 14 imekaa katikati.

Nilivyochunguza, wakati mwafaka ulikuwa Alhamisi moja ya mvua, umeme umekatika, mmekaa kibarazani hamna la kufanya. Mkaumaliza mnazungumzia bei ya mkaa.

Kliniki

Serikali, kwa nia njema kabisa, imevuruga mipango ya wanaosubiri wakati mwafaka. Siku hizi wanaume wanahimizwa kuwasindikiza wake zao hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito, wapimwe pamoja virusi vya Ukimwi na kushauriwa pamoja. Wanaofika wawili mara nyingi huhudumiwa kwanza. Mumeo, mtu asiyependa foleni, ameshalijua hilo, na kesho amekuombea lifti ya bosi wake.

Nesi ana kadi mezani. Ameuliza umri, ameuliza mtaa, ameandika. Kisha, bila kuinua macho:

"Mimba ya ngapi hii, mama?"

"Ya kwanza!" anajibu mumeo, kifua mbele.

Nesi hakumuuliza mumeo. Sasa ndiyo anainua macho, anakutazama wewe, na kalamu inangoja. Kwenye kadi kuna nafasi ya idadi ya mimba, nafasi ya mara ulizojifungua, na nafasi ya watoto walio hai, na kila moja inataka tarakimu.

Ukimwachia jibu la mumeo, nesi ataandika 1 na 0, na kadi hiyo utatembea nayo mpaka chumba cha kujifungulia ikimdanganya kila atakayekushika. Maswali yale si umbea. Mkunga anataka kujua kama uliwahi kuzaa, kama ulimwaga damu nyingi, kama ulifanyiwa upasuaji, kwa sababu kovu la zamani kwenye mfuko wa uzazi linaweza kuachia wakati wa uchungu, na mkunga asiyejua kwamba lipo hawezi kulichunga. Na wewe huenda unalo. Binti wa miaka 16 nyonga zake hazijamaliza kutanuka, na uchungu wake hukwama kirahisi kuliko wa mtu mzima.

Kuhusu kovu lenyewe, mumeo ulimwambia ni la kidole tumbo. Ni jibu zuri kwa mwanaume aliyesomea uhasibu. Kidole tumbo kiko upande wa kulia. Kovu lako limelala chini kabisa ya tumbo na limenyooka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Daktari atakayekupima atalitazama kovu, ataitazama kadi, atamtazama mumeo, halafu atakohoa.

Ushauri wa mwongozo huu: leo acha tarakimu ziandikwe zinavyoandikwa, kesho yake asubuhi rudi peke yako, umwombe nesi faragha, umwambie. Kutunza siri ya mgonjwa ni sehemu ya kazi yake, na hatakuwa na mshangao wowote wa kukupa. Atakata mstari, ataandika upya, atakuuliza mtoto alizaliwa na kilo ngapi. Ukitoka hapo utakuwa umeitamka sentensi nzima kwa sauti mbele ya mtu, na utakuwa umeona kwamba paa la kliniki bado lipo.

Pima maji kwa mti

Njia inayopendwa ni ya tamthilia. Mnatazama pamoja, mhusika anagundua mkewe alizaa kabla ya ndoa, wewe unageuza shingo taratibu na kuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Ingekuwa wewe ungefanyaje?" Naye, macho kwenye simu akitazama matokeo ya mpira, anasema, "Ningemwacha." Umelia chooni usiku mzima kwa jibu hilo. Mwanaume huyo hakujibu chochote. Alikuwa anamwacha mwigizaji.

Njia ya pili ni ya rafiki wa kazini. "Kuna dada mmoja ofisini, masikini, ana mtoto kwao na mumewe hajui." Mume anapenda sana kuwashauri marafiki wa kazini. Anaketi vizuri, anatoa ushauri wa nusu saa wenye busara, huruma na mifano, kwamba amwambie mumewe, kwamba mwanaume mwenye akili ataelewa. Unakaribia kufungua mdomo. Hapo anauliza, "Ni yule mrefu, sivyo? Nilimhisi toka siku ile ya sherehe." Sasa una siri yako, na una dada mrefu asiye na hatia ambaye mumeo anamtazama kwa jicho la huruma kila mkikutana naye.

Waulize washauri

Kungwi aliyekufunda kwenye kichen pati alisema mume haambiwi yote. Mchungaji atafungua Yohana sura ya nane. Shehe atakukumbusha kwamba mja aliyesitiriwa na Mola wake asijifichue, na ana hoja, kwani hakuna sababu ya kwenda kumhesabia mtu makosa yako ya ujana yaliyokwisha kati yako na Muumba. Ila makosa hayavai sare za shule. Mtoto anakula, anaugua malaria, anakua, na ana nasaba, jambo ambalo shehe huyo huyo halichezei.

Shoga yako atakwambia "fuata moyo wako". Usimuulize tena.

Kwa msomaji mwanaume

Kaka uliyefika hapa nadhani unatikisa kichwa kwa masikitiko juu ya hila za wanawake. Nakukaribisha kwenye msiba. Wasifu wa marehemu unaposomwa, sogea karibu na spika: marehemu ameacha mjane na watoto 7. Mjane anahesabu kwa vidole chini ya mtandio, anaishia 4. Wale 3 wamekaa mstari wa nyuma, wana paji la uso la marehemu, na mkubwa wao amevaa saa yake. Wanaume tuna utaratibu wetu wa kukiri: tunakufa kwanza.

Na mwanaume akikiri angali hai, mizani haziwi sawa; Waingereza nao wanalijua hilo. Katika riwaya ya Thomas Hardy ya mwaka 1891, Tess, msichana aliyeharibiwa na bwana mwenye mali na kuzaa mtoto ambaye hakuishi, anamwandikia mchumba wake barua ya kumweleza yote, anaisukuma chini ya mlango, nayo inapitiliza na kuingia chini ya zulia. Usiku wa harusi mume anaanza yeye kukiri anasa zake za zamani na mwanamke asiyemjua vizuri, na Tess anamsamehe hapo hapo. Kisha Tess anasimulia yake, na bwana yule anaishia Brazili. Funzo moja la hadithi hiyo linahusu mazulia. La pili ni kwamba mtu aliyetoka kusamehewa sasa hivi si lazima akumbuke.

Ukiamua kunyamaza

Ni uamuzi halali, na sitakusuta. Nakutajia tu wafanyakazi utakaowahitaji.

Utamhitaji karani wa vizazi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kina mstari wa jina la mama. Kama mstari huo una jina lako, basi siri yako ni karatasi iliyokunjwa ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda cha bibi, na itafunguliwa kila inapodaiwa, kuanzia shule hadi mkopo wa chuo, kwa kuwa Bodi ya Mikopo hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA. Kama una jina la bibi, umempa karani taarifa ya uongo, na mtoto ataubeba uongo huo katika kila fomu atakayojaza maishani, akidhani ni kweli. Utamhitaji pia mtu wa bima ya afya kazini, ambaye huenda akakwambia kwamba wanaopokelewa ni mwenza, watoto na wazazi. Mdogo wako hana nafasi. Mwanao anayo, na utatoka ofisini kwake umeshika fomu tupu.

Kuliko wote utawahitaji wajomba. Bibi hataishi milele. Siku arobaini zikishakwisha, ukoo utaketi kumteua msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hicho huenda Mahakama ya Mwanzo ukiwa na orodha ya warithi. Mumeo atakuwepo. Ni mkwe, na amekuja na daftari lake kwa sababu mwandiko wake ni mzuri, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika. Anaandika majina ya watoto wa marehemu mmoja baada ya mwingine, mpaka anafika kwa wa mwisho. Hapo mjomba mkubwa, mwenye jicho lake kwenye shamba la michungwa, anakohoa na kusema, "Ngoja, mkwe. Huyo usimwandike hapo. Huyo ni mjukuu."

Jiulize kama ungependa jambo hilo lisemwe na mjomba, kwa sababu ya michungwa.

Kusema kwenyewe

Kama mumeo ni mtu wa kupiga, acha kusoma sehemu hii. Anza na ndugu anayeishi karibu, na ujue Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo gani cha polisi. Habari inaweza kusubiri. Usalama wako hausubiri.

Wengine, sikilizeni. Usiseme kwenye gari, hana pa kukimbilia na ameshika usukani. Usiseme saa nane za usiku, kwa kuwa saa hizo kila kitu ni kikubwa kuliko kilivyo. Usitume ujumbe wa sauti, atausikiliza mara arobaini, na mara ya kumi na mbili ataanza kusikia mambo ambayo hukuyasema. Usianze na "kuna jambo nataka kukwambia ila usikasirike". Mume akisikia hivyo anawaza gonjwa, mwanaume mwingine na deni, kwa mpangilio huo, na atakuwa ameshakasirika kwa yote matatu kabla hujafika kwa mtoto.

Tanguliza sentensi inayotakiwa kutangulia: "Yule mtoto wa nyumbani ni wangu. Nilimzaa nikiwa na miaka 16." Kisha nyamaza. Utatamani sana kuendelea, kueleza, kuomba radhi, kumtaja marehemu baba. Kunywa maji.

Ataanza na baba wa mtoto ni nani. Hiyo ni siri ya pili, na unaruhusiwa kujibu, "Hilo nitakwambia siku nitakayoweza." Halafu atauliza nani mwingine anajua, na hapo ndipo panapomchoma mwanaume kuliko pengine popote. Mtoto anaweza kumzoea. Kuwa wa mwisho kujua, akiwa ameketi kwenye vikao na watu ambao walikuwa wanajua, wakimwitikia "shemeji, shemeji", hilo humla kwa muda mrefu. Jibu kweli, ila ile karatasi ya majina usimsomee yote jioni moja. La mama yake mzazi liweke mpaka Jumapili.

Mwisho atauliza kwa nini hukumwambia mapema. Usijibu kwamba ulikuwa unamlinda, hakuna anayependa kulindwa hivyo. Ulikuwa unajilinda mwenyewe, na ulikuwa na sababu.

Anaweza kukaa kimya siku nyingi. Anaweza kwenda kwa kaka yake. Anaweza, na hili huwakatisha tamaa waliojiandaa kwa vita, kusema, "Nilikuwa nahisi," akachukua rimoti. Usimrukie na maswali ya amehisi toka lini. Wengine huwa wanahisi toka siku ya lile kovu.

Ila kabla ya mumeo

Panda basi uende kwa mama. Miongozo mingine humsahau, wakati yeye ndiye aliyevumilia utani wa sokoni kuhusu uzazi wake wa uzeeni, akaamka usiku, akaenda kwenye vikao vya wazazi akiwa na miaka 58 katikati ya akina mama wa miaka 30. Kwa miaka 11 ameitwa mama na mtoto yule. Siri unayotaka kuitoa nusu yake ni ya kwake, na hakuna aliyemuuliza.

Mtoto naye usimdhanie mjinga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kuwajua wazazi wake, lakini sheria ikichelewa uwanja wa shule hauchelewi. Watoto wa darasa la tano hutukanana kwa taarifa sahihi. Inawezekana kabisa anajua, na kwamba anakuita dada kwa sababu ndivyo unavyoonekana kupenda.

Mkute mama anachambua mchele. Msalimie, kaa chini, usizungukezunguke.

"Mama, nataka kumwambia mume wangu."

"Umwambie nini?"

"Habari ya mtoto."

"Mtoto yupi? Wangu?"

Ataendelea kuchambua. Atatoa mawe ambayo hayapo. Utakaa hapo mpaka chai ipoe, na unaweza kulazimika kulala, halafu kesho yake atataja masharti yake akiwa amekupa mgongo, anafagia. La kwanza, mtoto hahami mpaka amalize shule ya msingi, na hata akihama yeye ataendelea kuitwa mama. Wewe tafuta jina lako. La pili, mumeo aje mwenyewe amsikie mama kwa masikio yake, asitume mshenga, maana huyo mshenga alishawahi kuja na alikunywa sana chai ya jirani. La tatu atalisema basi likiwa limeshapiga honi: mtoto ataambiwa na yeye, siku atakayoichagua yeye, na wewe usiwepo, kwa sababu utaanza kulia na kumtisha.

Mkubalie yote matatu hapo hapo. Maombi ya kupunguziwa unaweza kuyapeleka mwakani.